Binti wa Asembo na Nyanya Yake: Kumkumbuka Dkt. Margaret Ogola

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa maktabani, mbele ya vikundi vya akina mama wa makanisa, wahudumu wa afya ya jamii na wanafunzi wa shule za sekondari.



Wengi wenu mlio na umri wa miaka thelathini na zaidi mlilisoma jina la Margaret Ogola mkiwa na kalamu mkononi na mtihani mbele yenu. Kitabu chake cha kwanza, The River and the Source, kilitahiniwa katika mtihani wa KCSE kwa miaka kadhaa. Wanafunzi walikariri wahusika, maudhui na mbinu za uandishi, wakaandika insha, wakafaulu au wakaanguka, kisha kitabu kikarudi kwenye rafu. Ni jambo la kusikitisha kidogo, kwa sababu mtu anayesoma kitabu kwa kuogopa swali la alama ishirini hana nafasi ya kugundua kwamba kinachozungumzwa ni boma la jirani yake.

Maana kitabu kile ni cha hapa. Kinaanzia Yimbo, kinakwenda Sakwa, kinapitia Aluor, ndipo kinaondoka kwenda Nairobi na kwingineko. Hata mwandishi mwenyewe ni wa hapa. Margaret Atieno alizaliwa Asembo tarehe 12 Juni 1958. Jina Atieno, kama kila mtu humu anavyojua, hupewa msichana aliyezaliwa usiku. Alisoma Thompson's Falls kule Nyahururu, kisha Alliance Girls, na mwaka wa 1984 akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka wa 1990 akapata shahada ya uzamili katika magonjwa ya watoto. Alifariki Septemba 2011, baada ya kuugua saratani, akiwa na umri wa miaka 53.

Hakufikia uzee wa kuketi kivulini na mkongojo, akizungukwa na vitukuu. Lakini leo anakumbukwa kama mama wa ukoo, na sababu ni kwamba alifanya kazi ambayo kwa desturi ni ya nyanya: alipokea maneno ya wanawake waliomtangulia, akayatunza, akayakabidhi kwa waliokuja nyuma yake.

Wazee waliopo wanaijua siwindhe. Vijana huenda hawajaiona. Ilikuwa nyumba ya mwanamke mzee ndani ya boma, ambamo wasichana walilala na kufundishwa. Humo ndimo zilimosimuliwa hadithi, vitendawili na habari za ukoo: nani alitoka wapi, nani alioa kwa nani, mwanamke gani alisimama imara na yupi aliyeshindwa. Hapakuwa na daftari. Mwanamke mzee akifa bila kusikilizwa, habari zake zilizikwa naye.

Dkt. Ogola alieleza kwamba mbegu ya kitabu chake ni mambo aliyosimuliwa na mama yake, nayo mama yake aliyapata kwa nyanya yake. Kwa hiyo kabla ya kufika kwenye karatasi, maneno yale yalipitia vinywa vya wanawake wa vizazi kadhaa. Yeye alikuwa daktari, mke na mama, mwenye zamu za hospitali. Angeweza kusema hana nafasi. Akaandika. Kitabu kilichapishwa mwaka wa 1994, na mwaka uliofuata kikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, pamoja na tuzo ya waandishi wa Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza bora katika kanda ya Afrika.

Kwa ambao hawakukisoma, na kwa waliokisoma wakiwa na usingizi, ni vyema kukumbushana habari za Akoko.

Akoko ni binti wa chifu wa Yimbo, aliyezaliwa kabla ya reli kufika ziwani. Jina lake la kuzaliwa ni Adoyo, yaani aliyezaliwa wakati wa palizi, lakini alilia kwa sauti kubwa kiasi kwamba akaitwa Akoko, mwenye kelele, na jina hilo likamshika. Baba yake alidai ng'ombe 30 kwa mahari. Wachumba wengi walirudi kwao. Aliyetoa ni Owuor Kembo, chifu kijana wa Sakwa, naye baada ya kumwoa akafanya jambo lililowashangaza watu: alikataa kuongeza mke wa pili.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Mama mkwe alitaka wajukuu wengi na wakaza wana wengi. Akoko alikuwa na watoto wachache. Maneno yakazidi hadi Akoko akaitwa mchawi, naye hakukaa kulia jikoni. Alirudi kwao Yimbo. Kesi ilipofika mbele ya wazee, alisimama akahesabu mali aliyoiongeza katika boma la mumewe kwa jasho lake mwenyewe, na wazee wakabaki kimya. Akina mama mnaoweka hesabu za chama kwenye daftari, huyo alikuwa mwenzenu.

Lakini hilo lilikuwa jaribu dogo. Mwanawe wa kwanza, Obura, alitoroka nyumbani kutafuta dunia, akafia katika vita vya wazungu kule Tanganyika. Vita hivyo vya 1914 hadi 1918 vilichukua vijana wengi wa Nyanza kama wapagazi, na bado kuna familia katika kaunti hii zisizojua mtu wao alizikwa wapi. Kisha mumewe akafa. Mwanawe mwingine, Owang' Sino, aliyerithi kiti cha uchifu, naye akafa kwa kukwamwa na mfupa wa samaki, akiacha mtoto mchanga wa kiume. Katika miaka michache mwanamke huyu akawa hana mume wala mwana wa kiume. Alibaki na binti, Nyabera, na mjukuu asiyejua hata kutembea.

Shemeji yake, Otieno, akakalia kiti na kuanza kula mali ya marehemu.

Hapa hadithi haihitaji kuelezwa sana, kwa kuwa inajulikana katika kila lokesheni. Jambo la kuangalia ni alichofanya Akoko. Hakumwaga damu. Hakwenda kwa mganga. Alitoka, akasindikizwa na vijana wa kwao, akatembea kwa miguu hadi Kisumu, mwendo wa zaidi ya kilomita 50, kupeleka malalamiko yake kwa serikali ya wakati ule, serikali ya wageni wasiojua lugha yake wala mila zake. Alisikilizwa. Uchunguzi ukafanywa, na Otieno akaondolewa.

Mwanamke wa leo hana haja ya kutembea hadi Kisumu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inasema katika kifungu cha 45 kwamba mtu asiyepewa mamlaka na mahakama hana ruhusa ya kuchukua, kuuza wala kugawa mali ya marehemu. Anayefanya hivyo ametenda kosa, na anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mjane huanza kwa barua ya chifu inayotaja warithi wote, wake kwa waume, walioolewa na wasioolewa, kisha huenda mahakamani. Mahakama ziko Siaya, Bondo na Ukwala. Katiba ya 2010 nayo, katika ibara ya 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Faini ya shilingi 10,000, ni kweli, haimtishi mtu anayenyakua ekari tatu. Lakini kifungo humtisha, na jina lake kutajwa mahakamani humtisha zaidi.

Sasa tuje kwenye imani, kwa sababu bila imani mwanamke huyu haeleweki, na aliyemwandika haeleweki pia.

Nyabera, binti wa Akoko, aliolewa, akazaa, akazika. Watoto wake walikufa mmoja baada ya mwingine, akabaki na binti mmoja, Awiti. Mume naye akafa. Akarithiwa na mwanamume mwingine kama desturi ilivyotaka, na ndoa ile haikumpa alichokitafuta. Alikuwa mwanamke aliyechoka. Ndipo aliposikia habari za dini mpya, ya Mungu ambaye mwanawe aliuawa na mama yake akishuhudia. Mtu anaweza kusoma vitabu vingi vya teolojia asipate maelezo mafupi kuliko hayo ya kwa nini wajane wa Nyanza walijaza makanisa ya mwanzo. Nyabera aliposikia kwamba yuko mama mwingine aliyezika mwana, alifunga mzigo wake akaenda misheni ya Aluor.

Ukatoliki ulikuwa umeletwa ukanda huu na wamisionari wa Mill Hill mwanzoni mwa karne ya 20, na misheni zilikuwa mahali ambapo mwanamke asiye na mume angeweza kulima, kusali na kulala bila kuulizwa yeye ni wa nani. Nyabera akabatizwa Maria. Akoko, mzee tayari, akamfuata na mjukuu wake, naye akabatizwa Veronica. Awiti akaitwa Elizabeth, akapelekwa shule, na baadaye akawa mwalimu.

Kuna watu husema kwamba dini ilifuta desturi zetu. Dkt. Ogola hakuandika hivyo. Veronica wa Aluor anabaki kuwa Akoko yule yule wa Yimbo: mwenye kelele, mwenye hesabu, asiyependa uongo. Alichofanya Dkt. Ogola ni kuonyesha kwamba mwanamke yule alikuwa na haki na ukweli moyoni kabla hajasikia neno la padri, na kwamba Injili ilipofika ilikuta udongo umelimwa tayari. Wapo watakaopinga, na wanayo nafasi ya kupinga. Ila mtu aseme hivyo baada ya kusoma.

Jaribu kubwa la imani ya Akoko halikuwa ubatizo. Lilikuja kupitia mjukuu wake, mtoto yule wa Owang' Sino, mwanamume wa pekee aliyesalia katika nyumba ya Owuor Kembo. Kwa ajili yake ndiyo alitembea hadi Kisumu. Kijana alipokua, alisema anataka kuwa padri.

Fikirini maana yake. Padri haoi. Nyumba ingefungwa. Kiti cha uchifu, ambacho nyanya alikipigania kwa miguu yake, kingekwenda kwa wengine. Katika boma la Wajaluo mwaka wowote ule, hata mwaka huu, hilo si jambo la kuambiwa wazee asubuhi kisha mkaendelea na chai. Akoko alimwachilia aende. Imani ya watu wengi hupimwa kwa nyimbo na kwa vitambaa vya kichwani siku ya Jumapili. Ya Akoko ilipimwa kwa mjukuu mmoja.

Na jambo hilo halikuwa la kubuni tu, kwa maana lilitokea pia katika maisha halisi magharibi mwa Kenya. Mwaka wa 1999 Dkt. Ogola, akishirikiana na Margaret Roche, alitoa kitabu cha maisha ya Kadinali Maurice Otunga. Huyo alikuwa mwana wa chifu kule Bungoma, aliyeweza kurithi kiti cha baba yake, naye akachagua upadri. Mwaka wa 1973 akawa Mkenya wa kwanza kufanywa kadinali. Si ajabu kwamba mwandishi wa Akoko alivutiwa na maisha ya mtu huyo.

Wanafunzi mnaosikiliza mngependa kujua daktari huyu alifanya nini mchana, kama vitabu aliviandika usiku.

Mwaka wa 1984, mwaka ule ule aliohitimu udaktari, ndio mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi alipothibitishwa nchini Kenya. Kizazi chake cha madaktari kilitoka chuoni kikakutana na ugonjwa ambao walimu wao hawakuwa wamewafundisha. Serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, miaka kumi na mitano baadaye. Katika miaka hiyo ya katikati, hapa kwetu watu walizika kila wikendi. Mbao za majeneza zilipanda bei. Watu walisema ni chira. Walinong'onezana matangani, na hakuna aliyetamka jina la ugonjwa kwenye kaburi. Wakati mwingine boma zima lilibaki na nyanya na wajukuu peke yao.

Kuanzia mwaka wa 1994, mwaka ule ule kitabu kilipotoka, Dkt. Ogola alikuwa daktari msimamizi wa makao ya Cottolengo jijini Nairobi, nyumba ya watoto yatima walioishi na virusi vya Ukimwi. Makao hayo yana jina la padri wa Italia wa karne ya 19, Giuseppe Benedetto Cottolengo, aliyefungua nyumba mjini Turin kwa ajili ya wagonjwa waliokataliwa na hospitali nyingine. Watoto walioletwa kwa Dkt. Ogola walikuwa hivyo hivyo. Wengine waliachwa hospitalini, wengine ndugu zao waliogopa hata kuwagusa.

Ni muhimu vijana waelewe kazi ile ilikuwaje. Mtoto mchanga aliyeambukizwa asipopata matibabu, uwezekano wa kufa kabla ya kutimiza miaka miwili ni karibu nusu kwa nusu. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa zinaanza kupatikana Ulaya na Marekani kwa bei ambayo makao ya yatima Nairobi hayangeweza hata kuota. Ilipofika mwaka wa 2001, Bunge lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyoruhusu dawa za bei nafuu kuagizwa kutoka nje. Kabla ya hapo daktari wa watoto kama hao alitibu vichomi, vidonda vya mdomoni na kuhara, aliwapunguzia maumivu, alihakikisha wamekula na wamebebwa, na mara nyingi aliwafumba macho. Mtu alihitaji kitu cha kumsimamisha asubuhi iliyofuata arudi tena wodini. Dkt. Ogola alikuwa Mkatoliki mshika dini, na imani hiyo ndiyo iliyomfanya aone kwamba mtoto atakayeishi miezi minane ana thamani sawa na mtoto atakayeishi miaka themanini.

Imani hiyo hiyo ilimfanya awe na misimamo isiyopendwa na kila mtu. Mwaka wa 1995 alikwenda Beijing, kwenye mkutano wa nne wa dunia kuhusu wanawake, akazungumzia heshima ya mwanamke wa Afrika. Alitetea familia, akapinga utoaji mimba bila kupindapinda. Wapo wanawake wengi, wasomi na wanaharakati, waliotofautiana naye siku ile na wanaotofautiana naye hadi leo. Alijua hivyo. Lakini kuna jambo moja la kumtofautisha na wengi wanaopaza sauti kuhusu uhai wa mtoto: yeye aliposhuka jukwaani alirudi kwa watoto waliozaliwa tayari, wagonjwa, wasio na mtu, akavaa stethoskopu.

Mwaka wa 1998 hadi 2002 alikuwa katibu mtendaji wa tume ya afya na familia ya Baraza la Maaskofu Katoliki, kisha akaratibu nchini Kenya mpango wa kusaidia watoto wa Afrika walioathiriwa na Ukimwi. Hayo yalikuwa ya ofisini na yalikuwa na mikutano mingi, basi tuyapite.

Wahudumu wa afya ya jamii, kazi yenu ya sasa ndiyo kazi ambayo yeye angetamani kuiona. Bila hatua yoyote, mama mwenye virusi anaweza kumwambukiza mtoto kwa kiwango cha kati ya asilimia 15 na 45, wakati wa ujauzito, wa kujifungua au wa kunyonyesha. Mama akipimwa mapema, akatumia dawa kila siku na akajifungulia hospitalini, kiwango hicho hushuka hadi chini ya asilimia 5. Mtoto naye hupimwa akiwa na wiki sita. Wiki sita, si pale atakapoanza kudhoofu. Kaunti ya Siaya ni miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu zaidi cha maambukizi nchini, pamoja na Homa Bay, Kisumu na Migori, kwa hiyo mama anayekosa kliniki mara mbili si namba ya kusahihisha kwenye ripoti. Ni mlango wa kubisha. Na atakayewafungulia mara nyingi ni nyanya. Salimuni kwanza, ketini, muulizeni habari za shamba. Mkimpata nyanya mmempata mama na mtoto.

Turudi kwa mwandishi, maana kuna kitabu chake kingine ambacho hakikutahiniwa na kwa hiyo hakijulikani sana. Kinaitwa Place of Destiny, cha mwaka wa 2005. Kinamhusu mwanamke aliyefanikiwa, mwenye biashara, mume na watoto, anayeambiwa na daktari kwamba ana saratani isiyotibika. Anaijua siku zake kuwa chache. Kitabu kinamfuata anavyowaaga watu wake, anavyopatana na alichokosa kupatana nacho, na anavyokufa. Mwaka wa 2007 kilimpatia Tuzo ya Jomo Kenyatta kwa mara ya pili.

Miaka michache baadaye daktari aliyekiandika alikuwa kwenye kitanda kile kile.

Mtu anayekisoma leo hupata shida kuamini kwamba mpangilio ulikuwa huo, kitabu kwanza, kifo baadaye. Lakini mtu aliyewakalisha watoto wengi kwenye mapaja yake wakikata roho hakuhitaji kuugua ili ajue kifo kinafananaje. Na aliendelea kuandika. Riwaya yake nyingine, Mandate of the People, ilitoka mwaka wa 2012, yeye akiwa ameshazikwa. Mnamo tarehe 12 Juni 2019, siku ambayo angetimiza miaka 61, watu waliofungua Google walikuta picha yake imechorwa pale, na vijana wengi wakauliza huyu ni nani. Swali hilo liliulizwa hata na vijana wa Rarieda, na hilo linawahusu zaidi walio humu ndani kuliko Google.

Akoko naye alifariki katika hadithi, mzee sana, Aluor, mbali na kaburi la mumewe. Alikuwa mke wa chifu na binti wa chifu, na mwishowe hakuwa na ng'ombe wa kuhesabu. Alikuwa na binti mmoja aitwaye Maria, mjukuu padri, na mjukuu msichana anayejua kusoma. Kutoka kwa msichana huyo wakatokea mwalimu, daktari, padri mwingine, na mkaza mwana Mkikuyu aliyepokelewa na nyumba nzima. Hilo la mwisho lisipite hivi hivi. Dkt. Ogola aliliandika mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati ambapo majirani wa makabila tofauti walikuwa wakichomeana nyumba katika Bonde la Ufa, akamweka Wandia, binti Mkikuyu, ndani ya ukoo wa Akoko na kumfanya mmoja wa watu wanaopendwa zaidi kitabuni.

Kabla ya maswali, jambo moja la vitendo. Kila mwanafunzi aliyekuja leo amepewa karatasi yenye mistari. Kazi si kuandika kuhusu The River and the Source. Jioni ya leo, ukifika nyumbani, mkalie nyanya, au mwanamke mzee yeyote wa boma, umuulize mambo matatu: jina la nyanya yake, mahali alipotoka alipoolewa, na siku ngumu kuliko zote aliyopata kuipita. Usimkatize. Akiimba wimbo wa kanisa katikati, mwache amalize. Simu ya mama inaweza kurekodi sauti, na sauti ni bora kuliko maandishi yako. Ambao hawana nyanya tena, wamuulize jirani.

Mama aliyeketi karibu na dirisha, mwenye leso ya samawati, ameinua mkono tangu Yimbo ilipotajwa, na ameushusha mara mbili kwa kuchoka. Apelekewe kipaza sauti.